Maisha ya Hamza Mwapachu

Mtu akitaja siasa za kudai Uhuru hapa Rufiji, jina la kwanza kumtoka kinywani ni la Bibi Titi Mohamed. Wala si ajabu. Wazee wake asili yao ni huku kwetu, naye baada ya Uhuru alikuwa Mbunge wa Rufiji mpaka aliposhindwa katika uchaguzi wa mwaka 1965. Sauti yake ilijaa viwanjani, na mtu ambaye sauti yake imejaa kiwanja hasahauliki upesi.

Mimi leo nataka kuandika juu ya mtu wa namna nyingine kabisa, ambaye hakupanda jukwaani. Hakuwa mtu wa Rufiji, alikuwa mtu wa Tanga. Jina lake Hamza Kibwana Bakari Mwapachu. Nimemchagua kwa sababu mimi nasoma sayansi hapa shuleni kwa nia ya kuwa tabibu, na mara nyingi wenzangu wa mchepuo wa historia hunitania kwamba tabibu hana habari ya mambo ya nchi, kazi yake ni kupima homa na kutoa dawa. Basi nawaandikia maisha ya tabibu mmoja wayasome.

Marehemu Hamza alianza maisha yake ya kazi akiwa mganga msaidizi. Siku za Waingereza, kijana wa Kiafrika aliyependa kazi ya uganga hakuwa na njia nyingi. Ya chini kabisa ilikuwa ya dresa, mfunga vidonda. Ya juu yake ilikuwa ya mganga msaidizi, na mafunzo ya Hamza yalikuwa katika Hospitali ya Sewa Haji, Dar es Salaam. Hospitali ile ilipewa jina la Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyetoa fedha zake ijengwe, akafariki mwaka 1897. Ndiyo hospitali ya watu weusi na maskini wa mji kwa muda wa miaka karibu 60, mpaka ilipofunguliwa hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, ambayo sasa tunaiita Muhimbili.

Kazi ya mganga msaidizi ilikuwa na heshima kubwa. Alivaa nguo safi, alijua Kiingereza, na sindano yake ya buba ilikuwa na sifa nchi nzima, kwa maana mtu aliyejaa vidonda mwili mzima alipona mbele ya macho ya jirani zake. Lakini magonjwa mengine hayakuwa hivyo. Mtu mwenye safura humeza dawa, minyoo ikatoka, kisha hurudi shambani bila viatu, na baada ya miezi kadhaa yuko tena mlangoni. Mwenye kichocho vivyo hivyo, akipona hurudi katika maji yaleyale.

Jambo hili mimi sikulisoma katika kitabu kwanza, nimelikuta nyumbani. Sisi tuliozaliwa delta tunaijua hali yake. Mama mjamzito wa kijiji cha ndani ya mikoko akishikwa na uchungu wakati maji yamekupwa, hawezi kuondoka mpaka bahari ijae, kwa sababu mtumbwi hauwezi kupita juu ya tope. Mganga akawa hodari namna gani, kabati lake halina mtumbwi ndani, wala halina maji safi, wala halina bei nzuri ya mpunga. Nadhani kila mganga mwenye akili hufika mahali pa kujiuliza, haya magonjwa yanatoka wapi, na ni nani mwenye uwezo wa kuyazuia kabla hayajafika kwangu? Mimi naamini ndipo Hamza alipofika, maana matendo yake ya baadaye yanaonyesha hivyo.

Akaenda Makerere, Uganda. Mwaka 1943 akafika hapo kijana mwingine wa Tanganyika, Julius Nyerere, aliyetoka shule ya serikali ya Tabora. Hamza alikuwa mkubwa wa umri kuliko yeye, tena mtu aliyekwisha fanya kazi na kuiona nchi. Yeye na Nyerere, na Andrew Tibandebage, wakaanzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika, wakakiita Chama cha Ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, na kwa herufi za Kiingereza kilijulikana kwa jina la TAWA.

Naomba msomaji aliangalie jina hilo vizuri. Hawakukiita chama cha siasa. Wakati ule vita vya pili vya dunia vinapiganwa, na mwanafunzi aliyesomeshwa na serikali hakuweza kusema neno siasa kwa sauti. Lakini neno ustawi lina tumbo kubwa. Ndani yake waliweza kuzungumza juu ya elimu, ardhi, mishahara, magonjwa na bei ya mazao, na mtu akisha kuyazungumza hayo yote, siasa iko wapi tena iliyobaki? Baadaye wakaona hakuna haja ya kuwa na chama mbali, kwa sababu Dar es Salaam kulikuwako African Association iliyoanzishwa mwaka 1929, wakajiunga nayo na kuwa tawi lake pale Makerere. Lile lilikuwa kundi dogo sana la vijana wanaosoma na kubishana, lakini katika kundi hilo alikuwamo Rais wa kwanza wa nchi yetu. Siku hizi watu huunda taasisi za fikra zenye ofisi na magari. Wao walikuwa na vyumba vya kulala tu na chai.

Baada ya vita Hamza akapata nafasi ya kwenda Uingereza, akasomea mambo ya ustawi wa jamii huko Cardiff, katika nchi ya Wales. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu hii ya maisha yake hunivutia kuliko zote.

Wales ya kusini ilikuwa nchi ya machimbo ya makaa ya mawe. Wachimbaji wake waliugua vifua, wakavunjika miguu chini ya ardhi, na waliokuwa hawana fedha wakafa bila daktari. Katika mji mdogo uitwao Tredegar wachimbaji walianza desturi ya kukatwa senti chache katika mshahara, fedha zikawekwa pamoja, ikaajiriwa daktari na kujengwa hospitali, ili mwanachama yeyote atibiwe pamoja na mke wake na watoto. Mtoto mmoja wa mchimbaji wa mji huo, jina lake Aneurin Bevan, aliyeshuka machimboni tangu udogo wake, akawa Mbunge, kisha Waziri wa Afya katika serikali ya Labour iliyoshinda uchaguzi wa mwaka 1945. Tarehe 5 Julai 1948 akaanzisha mpango wa matibabu kwa Waingereza wote bila malipo, na wazo lake akalichukua hukohuko Tredegar.

Basi miaka hiyohiyo, mganga msaidizi kutoka Tanganyika yuko Cardiff anajifunza namna serikali inavyoweza kumtunza mgonjwa, mjane, mzee na mtu asiye na kazi. Tena anaona kwamba mambo hayo hayakushuka kutoka mbinguni, wala hayakutolewa na Mfalme kwa huruma. Yalikuja kwa kura. Mchimbaji wa makaa alikuwa na kura, na kura yake ilimweka Bevan wizarani. Mkulima wa mpunga wa Rufiji wakati ule hakuwa na kura hata moja. Mtu mwenye macho hawezi kuiona tofauti hiyo akarudi nyumbani kama alivyokwenda.

Huko huko Uingereza kulikuwako Jumuiya ya Fabian, iliyoanzishwa mwaka 1884, ambayo kazi yake ilikuwa kufikiri na kuandika kwa ajili ya chama cha Labour. Mwaka 1940 ikaanzisha ofisi ya mambo ya makoloni chini ya Rita Hinden na Arthur Creech Jones. Watu wale hawakuwa na bunduki wala fedha nyingi, walikuwa na hesabu na hoja, wakaziweka mezani kwa mawaziri. Hamza alijua kazi yao, na baada ya kurudi aliandikiana nao. Njia yao na njia yake zilifanana: kukusanya habari sahihi, kuziandika kwa heshima, na kumpa mtu mwenye kiti cha kusemea.

Akarudi Dar es Salaam akiwa afisa wa ustawi wa jamii, kazi ambayo Waafrika wachache sana walikuwa wameishika. Mji ulikuwa umejaa askari waliorudi kutoka Burma, na makuli wa bandarini waliogoma mwaka 1947. African Association, ambayo sasa iliitwa Tanganyika African Association, yaani TAA, ilikuwa imelala. Viongozi wake wazee walikuwa watu wa heshima, lakini walichoka. Mwaka 1950 vijana wakauchukua uongozi. Dk. Vedasto Kyaruzi, daktari aliyesomea Makerere, akawa Rais, na Abdulwahid Sykes, aliyekuwa askari wa Burma, akawa Katibu. Nawaomba wenzangu wa mchepuo wa historia waone kwamba Rais huyo alikuwa daktari! Na nyuma ya vijana hao alikuwako Hamza.

Wakaunda kamati ndogo ya siasa. Waliokuwamo ni Dk. Kyaruzi, Abdulwahid Sykes, Hamza Mwapachu, Stephen Mhando, John Rupia, na masheikh wawili, Sheikh Hassan bin Amir na Sheikh Said Chaurembo. Mimi naiona kamati hiyo kuwa ndiyo taasisi ya fikra ya kwanza yenye nguvu katika nchi hii, ijapokuwa hawakuiita hivyo. Tazama mchanganyiko wake. Daktari, askari wa zamani, mfanya biashara, mwalimu, wanavyuoni wa dini, na mtu wa ustawi. Kila mmoja alileta habari za watu wasiofikiwa na mwenzake.

Kazi ilikuwako tayari. Gavana Edward Twining alikuwa ameunda kamati ya kutazama katiba ya Tanganyika, akataka maoni. Nchi yetu haikuwa koloni kama Kenya, ilikuwa imewekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1946, na Mwingereza alitakiwa kuitengeneza ijitawale. TAA ikaandika maoni yake na kuyapeleka. Barua ya namna hiyo leo mtu huweza kuidharau, lakini fikiri hali ya wale waandishi. Wengi wao walikuwa wakila mshahara wa serikali ileile waliyokuwa wakiiambia kwamba haitawali kwa haki.

Kamati ya Gavana ilipotoa mapendekezo yake mwaka 1951, ilisema viti vya Baraza la Kutunga Sheria vigawiwe sawasawa baina ya Waafrika, Waasia na Wazungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 7. Wazungu hawakufika 20,000, na Waasia na Waarabu pamoja hawakufika 100,000. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu wa kuifafanua.

Kundi lenyewe likatawanyika, kwa maana watumishi wa serikali huhamishwa. Dk. Kyaruzi alipelekwa hospitali ya jela ya Kingolwira karibu na Morogoro, kisha Nzega. Hamza akapelekwa Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe ndani ya Ziwa Nyanza. Wenzao waliona wazi kwamba uhamisho huo si wa kazi tu. Wengi wa huku kwetu hawajaiona Ukerewe, lakini mtu aliyengoja jahazi Nyamisati ili kwenda Mafia anaweza kukisia. Unafika ukingoni mwa maji, na barabara imekwisha, na siku yako ya kuvuka haiko mikononi mwako.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa hilo tu Hamza angestahili kukumbukwa.

Mwaka 1952, Abdulwahid Sykes alikuwa akishughulika peke yake Dar es Salaam kuiweka TAA hai. Alikuwa na nia ya kuifanya chama cha siasa hasa, chenye kudai kujitawala. Wakati huohuo Wameru wa Ngarenanyuki walikuwa wamefukuzwa katika ardhi yao mwaka 1951, na Kirilo Japhet akaenda mpaka New York mwaka 1952 kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Nchi ilikuwa imeamka, na lililobaki lilikuwa swali la nani aongoze.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo Nyerere alirudi kutoka chuo kikuu cha Edinburgh, akiwa na shahada. Dar es Salaam hakujulikana sana. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mwalimu, mgeni katika mji ambao siasa zake zilikuwa mikononi mwa Waislamu wa Gerezani na Kariakoo. Abdulwahid angeweza kujitwalia kiti mwenyewe, na watu wa mji wangemfuata kwa furaha, kwa sababu baba yake Kleist alikuwa katika waanzilishi wa chama.

Ilipofika Krismasi, Abdulwahid na Ali Mwinyi Tambwe wakafunga safari kwenda Nansio kutaka shauri la Hamza. Njia ya reli kutoka Dar es Salaam hupita Morogoro, Dodoma na Tabora, kisha hukata kwenda Mwanza, na kutoka Mwanza kuna maji ya kuvuka. Watu hawafungi safari ya namna hiyo kwa ajili ya salamu za sikukuu. Walikwenda kwa sababu walimwamini mtu aliyekaa kisiwani kuliko sauti nyingi zilizokuwa karibu nao.

Shauri la Hamza lilikuwa kwamba Nyerere apewe uongozi wa TAA, kisha chama kigeuzwe kiwe cha siasa. Alimjua tangu Makerere, miaka karibu 10. Sababu za shauri hilo mimi naziona hivi. Kwanza, chama kisionekane ni cha watu wa pwani na cha dini moja. Pili, Nyerere hakuwa mtumishi wa serikali, alikwenda kufundisha shule ya misheni ya Pugu, na Gavana hakuweza kumhamisha kama alivyomhamisha Kyaruzi na Hamza mwenyewe. Tatu, kichwa chake na kalamu yake vilitosha kusimama mbele ya Waingereza na mbele ya Umoja wa Mataifa. Lakini gharama ya shauri hilo ililipwa na Abdulwahid, ambaye alitoa kiti, na kwa namna nyingine na Hamza, ambaye alikuwa mkubwa, msomi na mwenye sifa zote, akamtaja mwingine.

Mambo yakaenda hivyo. Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, Nyerere akachaguliwa Rais wa TAA na Abdulwahid akawa makamu wake. Mwezi wa Agosti serikali ikatoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa TAA. Hapo Hamza akafungwa mdomo kwa sheria. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha, na kazi yenyewe aliipenda. Wako watakaosema angeacha kazi kama alivyoacha Nyerere mwaka 1955. Mimi siwezi kumhukumu kwa hilo. Chama hakikuwa na fedha ya kumlipa hata mtu mmoja vizuri, na nchi iliyokuwa ikielekea kujitawala ilihitaji Waafrika wanaojua kuendesha ofisi. Wangeacha wote, siku ya Uhuru mafaili yangefunguliwa na nani?

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaanzishwa. Wanaohesabiwa kuwa waanzilishi ni watu 17, na Hamza Mwapachu hayumo. Hakuwako katika mkutano ule wala katika picha. Na kwa kuwa sisi wanafunzi tulizoea kukariri historia kwa majina ya waliokuwa katika chumba, jina lake likapita pembeni kwa miaka mingi. Mwaka 1998 Mohamed Said alipotoa kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, habari za Nansio zikafika kwa wasomaji wengi.

Huku Rufiji nasi tumeona jambo lenye kufanana na fikra zake. Tangu miaka ya 1990 watafiti na wakuu wa afya wa wilaya walikwenda nyumba hadi nyumba kuhesabu nani amekufa na kwa ugonjwa gani, ili fedha ya dawa ifuate maradhi yenyewe, isifuate mazoea. Vifo vya watoto wadogo vikapungua sana. Kazi hiyo haikufanywa kwa sindano mpya, ilifanywa kwa daftari na kalamu na watu wa afya waliokubali kukaa na watu wa fedha meza moja. Nilipokuwa nikisimuliwa habari hizo na wazee wa Ikwiriri nilimkumbuka huyu bwana wa Tanga.

Hamza aliishi mpaka akaiona tarehe 9 Desemba 1961, rafiki yake wa Makerere akiwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Hakupata muda mrefu wa kuifaidi. Alifariki mwaka 1962, watoto wake wengine wakiwa bado shule. Mmoja wao, Bakari, baadaye alikuwa Waziri katika serikali ya Tanzania, na mwingine, Juma, aliyezaliwa mwaka 1942, alikuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2006 hadi 2011, ofisi yake ikiwa Arusha.